Nilivyorudi Mbioni kwa Mwendo wa Maksai

Nakumbuka asubuhi moja ya Februari pale Endebess, chini ya Mlima Elgon, nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nilipofunga kamba za raba zangu kuukuu nikajiambia: leo narudi. Mwanangu, hata sasa ninapoandika haya moyo unanidunda, kwa sababu nimetoka kukimbia saa hii. Ndiyo, mimi, na mvi zangu zote, na tumbo ambalo daktari alilipasua mwaka jana akalishona kama mdomo wa gunia. Nimekimbia kutoka lango langu hadi kwenye kona ya kanisa bila kusimama, nikarudi nikiwa bado na hamu. Nilitaka kujipigia makofi pale barabarani. Jirani aliyekuwa akipeleka maziwa aliniuliza kama kuna mtu amekufa. Nikamwambia hapana bana, kuna mtu amefufuka.

Mtanisamehe wasomi. Shule niliiacha darasa la nne, na kalamu nimeizoea ukubwani. Lakini jambo hili la kurudi mazoezini baada ya kukaa nalijua kuliko wengi wenye vyeti vya kutundika ukutani. Juzi Jumamosi nilikuwa uwanjani Kitale nikimwangalia kijana mmoja mwenye viatu vya rangi ya chungwa na saa kubwa kama kifuniko cha sufuria. Alikuwa hajakimbia mwaka mzima, ofisi imemnenepesha. Alianza kwa kasi ya mtu anayefukuzwa na nyuki. Mzunguko wa tatu akalala kwenye nyasi, akatapika chai. Nilipomsogelea akaniambia, "Mzee, mimi nilikuwa nakimbia kilomita kumi bila kuhema." Nikamwambia, "Ulikuwa." Akaninunia. Sikuwa namtukana. Nilikuwa namwonyesha mahali penyewe aliposhikwa, kwa sababu na mimi nilishikwa hapo hapo.

Basi sikiliza.

Mimi ni mtu wa Sirisia, huko nilizaliwa, lakini nilipopata miaka kumi na saba nilienda kuishi Endebess kwa Mjomba Wekesa, kaka yake mama. Mjomba alikuwa na maksai wanne waliojulikana kila mahali. Watu wengi hawakuwa na trekta wala ng'ombe wa kulima, kwa hiyo msimu ukifika walimwita awalimie. Mimi ndiye niliyeshika jembe na yeye akatangulia na ng'ombe. Na jioni, kazi ikiisha, nilikimbia. Nilikimbia na vijana wa Kisabaoti wa pale, waliokuwa na miguu mirefu na maneno mengi. Mkubwa wao alikuwa Naibei. Huyo alikuwa anaweza kupanda kilima, akasimulia kisa kizima, akacheka mwisho wake, na wewe huku nyuma unatafuta pumzi.

Mwaka nilipotimiza ishirini na miwili ilikuja habari iliyotutia wazimu sote. Kampuni moja ya Kitale, ambayo ilifunga milango kitambo, ilikuwa na timu yake ya mbio. Wakasema Jumamosi kabla ya Pasaka watakuja Endebess kuangalia mbio za kilomita kumi na mbili, na watakaotangulia, sita wa kwanza, watachukuliwa. Hawachukuliwi kukimbia tu, mwanangu. Wanapewa kazi ya kudumu kwenye ghala, na chumba cha kulala. Kwa mtu wa darasa la nne kama mimi, ule ulikuwa mlango mmoja tu maishani, na ulikuwa haufunguki mara mbili.

Shida ni kwamba nilikuwa nimetoka kuugua. Desemba yote nililala nyumbani Sirisia na nimonia. Januari nilikuwa naota jua ukutani kama kuku mgonjwa, mama akininywesha uji wa wimbi. Niliporudi Endebess wiki ya kwanza ya Februari, nilikuwa nimeshiba, mashavu yamejaa, najiona mzima kabisa. Zilibaki wiki saba.

Na wiki hiyo hiyo niliyorudi ndiyo maksai nao walirudi kazini. Hawakuwa wamevuta kitu tangu Novemba. Walikuwa wanakula mabua mashambani na kulala. Yeyote aliyewahi kulima na ng'ombe anajua: maksai akitoka kwenye mapumziko marefu humfungi nira kutwa nzima. Siku za kwanza unamfunga alfajiri, jua likianza kuuma unamfungua. Robo ekari, basi. Ngozi ya shingo imelainika, kwato zimelainika, na hata moyo wake umesahau kazi. Ukimlazimisha atavuta, kwa sababu ana nguvu. Hapo ndipo ubaya ulipo. Atavuta vizuri sana siku ya kwanza, na siku ya tatu utamkuta shingo imevimba, hakubali hata kuguswa.

Mimi nilijua haya yote. Nilikuwa fundi wa haya! Jumatatu alikuja Mama Chebet, mjane jirani yetu, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Akataka alimiwe ekari nzima kwa siku moja, kwa sababu mvua ilikuwa inanukia mlimani.

"Haiwezekani, mama," nikamwambia.

"Haiwezekani na wamenona hivi? Si uangalie makalio yao!"

"Kunona si kuwa tayari. Hawajavuta tangu Novemba. Unataka kuwaua?"

"Aii, kijana, umerudi kutoka Sirisia na mdomo!"

Mjomba alikuwa kando anatengeneza mnyororo. Alisikia kila neno. Alitikisa kichwa kunikubali, na mimi nikavimba kwa sifa.

Sasa ona. Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, alfajiri, ndiyo ile nilipofunga kamba za raba. Naibei na wenzake walikuwa wanapita njiani, kama tisa hivi. Naibei akapaza sauti, "Wafula! Ati ulikuwa umekufa?"

"Nimerudi!"

"Leo tunaenda mpaka msituni na kurudi. Wewe kaa na Mjomba, utasumbua mapafu."

Wote wakacheka. Na mimi, mwanangu, nikatoka langoni kama risasi. Kutoka pale mpaka ukingo wa msitu na kurudi ni kilomita ishirini, na kwenda ni kupanda tu. Nilikuwa nimeizoea njia ile Oktoba, kwa hiyo sikuona sababu ya kuiogopa Februari. Na nikuambie ukweli, kilomita sita za kwanza zilikuwa tamu kupita kiasi! Hewa ya baridi, umande kwenye nyasi, Mlima Elgon umesimama mbele yako bila wingu hata moja. Nilikuwa bega kwa bega na Naibei. Nilijisemea, kumbe ugonjwa haukuchukua chochote. Nikaanza hata kumtania, nikamwambia aongeze mwendo nisije nikapata usingizi.

Tulipogeuka msituni ndipo mapafu yalianza kuwaka, na utani ukaisha. Tukiwa tunateremka, karibu kufika, nikasikia kitu nyuma ya mguu wa kulia, kwenye shavu la mguu, kama kamba imekatika. Tah! Nikaanguka kwenye vumbi. Wale vijana walinibeba kwa zamu, na sifa zangu zote zikabebwa pamoja nami. Naibei hakucheka tena. Alisema tu, "Pole ndugu yangu. Makosa ni yangu pia," na nadhani alimaanisha.

Tulipofika, Mjomba alikuwa ndiyo anawafungua maksai. Jua lilikuwa limeanza kuuma. Nilikalishwa juu ya gogo, mguu umenyooshwa, naona dunia imekwisha. Mjomba hakukimbilia mguu. Alimaliza kwanza na ng'ombe. Akatoa nira, akapitisha kiganja chake shingoni mwa kila mmoja, polepole, akitafuta joto na uvimbe. Akawapa maji na chumvi. Halafu ndiyo akaja.

"Mama Chebet alikuja Jumatatu akataka nini?"

"Ekari nzima," nikasema.

"Ukamjibu nini?"

Nikainamia mguu wangu.

"Nimekuuliza, Wafula."

"Nilimwambia ng'ombe hawajavuta tangu Novemba."

"Na wewe umevuta tangu lini?"

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Mjomba akachuchumaa mbele yangu, akaushika ule mguu wangu kwa mikono miwili, na sauti yake ikawa ya chini kabisa. "Ng'ombe wangu umewaonea huruma. Mtoto wa dada yangu umemfunga nira kutwa nzima siku ya kwanza. Sasa mimi nikushtaki kwa nani?"

Nililia. Sioni haya kusema. Nililia kwa sababu ya ghala la Kitale, na chumba kile ambacho nilikuwa nimekwisha kukipanga kichwani, hata nikajua kitanda kitakaa wapi. Nikamwambia Mjomba kwamba sita bora wamekwisha kupatikana, na mimi simo.

"Nani amesema?" akauliza. "Zimebaki wiki ngapi?"

"Sita na kitu."

"Maksai nawarudisha kazini kwa wiki nne. Wewe ni mjinga kuliko wao, lakini si mgumu kuliko wao. Utafanya kama wao."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Siku za kwanza sikufanya kitu ila kukaa na kuupa mguu maji ya baridi. Halafu nikaanza kutembea nyuma ya jembe, bila kulishika, kama mtu anayesindikiza mgeni. Wiki mbili hivyo! Naibei na wenzake walikuwa wanapita kila alfajiri, tap tap tap, na mimi nasikia kila hatua kama mtu ananipiga kofi. Mama Chebet alikuja kuona mguu, akaleta maziwa lala, yale ya kuganda, kwenye kibuyu, na hakuniacha bila kunichoma: "Kunona si kuwa tayari, eh? Neno zuri sana hilo. Ulilisikia wapi?"

Wiki ya tatu Mjomba akaniruhusu kukimbia. Kutoka lango letu hadi kwenye josho la ng'ombe, dakika kumi hivi, na kurudi kwa kutembea. Nilimwambia huo ni mchezo wa watoto. Akaniambia, "Vizuri. Basi rudi kabla hujachoka." Hii ndiyo ilikuwa amri yake moja, na aliirudia hadi nikaiota: mfungue akiwa bado anataka kuvuta. Maksai akifunguliwa akiwa na hamu, kesho anaisogelea nira mwenyewe. Ukimfungua akiwa amekwisha, kesho utamkimbiza boma zima.

Kila asubuhi kabla sijakanyaga nje alinikagua kama anavyokagua shingo za ng'ombe. Alibonyeza shavu la mguu, akanitazama macho, akaniuliza kama nimelala na kama nimekula. Siku mbili alisema "leo hapana," na siku hizo nilikaa, nikatafuna midomo. Lakini siku za "ndiyo" zilikuwa nyingi zaidi! Josho likawa shule ya msingi. Shule ikawa mto. Nilikuwa napima mwendo wangu kwa vitu hivyo, sikuwa na saa wala kipimo kingine. Na taratibu, mwanangu, kukaja ile raha ambayo sijui niielezee vipi. Mwili unarudi. Unausikia unarudi, kidogo kidogo, kama mtu wa nyumbani aliyekuwa safarini, unamsikia kwanza sauti, halafu hatua, halafu huyo mlangoni. Niliamka alfajiri kabla ya jogoo kwa sababu ya hamu tu.

Wiki ya tano ndiyo ilikuwa mtihani wenyewe. Nilikuwa naenda mtoni, nimepangiwa kugeukia pale, na kundi la Naibei likanikuta njiani. Nikaingia katikati yao. Miguu ilikuwa nyepesi, pumzi imejaa. Tukafika mtoni, na hakuna mtu aliyenidharau safari hii. Naibei akasema kwa upole kabisa, "Twende tu, Wafula. Umepona. Twende mpaka juu."

Mjomba hakuwepo. Hakuna aliyekuwa ananiangalia. Na nilikuwa naweza! Hilo ndilo lilikuwa gumu. Ningekuwa nimechoka, kugeuka kungekuwa rahisi. Nilisimama pale kwenye daraja la magogo, wao wakapanda, nikaiona migongo yao ikipotea kwenye kona moja, halafu nyingine. Halafu nikageuka. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na furaha kwa pamoja, na nilipofika sikumwambia Mjomba lolote. Tulilima mpaka saa tatu.

Jumamosi kabla ya Pasaka ikafika. Sijui Endebess imewahi kujaa vile tena. Watu walitoka eneo la Kwanza, wengine walishuka kutoka upande wa Kapsokwony, wakimbiaji kama arobaini. Yule bwana wa kampuni alikuwa amekaa kwenye kiti sokoni, ana daftari na kofia, hasemi na mtu. Mjomba alinishika shingo kwa nyuma, pale pale anapowashika maksai. Akasema, "Huna joto. Nenda."

Tukaachiliwa. Na wote, mwanangu, wote walitoka kama mimi nilivyotoka langoni ile Alhamisi! Mimi nikabaki nyuma. Nilisikia mtu akiuliza, "Huyu wa Sirisia ameanguka tena?" Nikaendelea na mwendo wangu. Mpaka mtoni nilikuwa wa ishirini na kitu. Kilima kilipoanza, nikaanza kuwaokota. Mmoja ameshika kiuno. Mwingine anatembea. Wawili wanabishana nani aliyeanza kwa kasi. Mapafu yangu yalikuwa yanafanya kazi kama mivukuto ya mhunzi, lakini hayakuwaka. Kwenye kugeuka nilikuwa wa kumi na moja. Nikateremka huku nimeulegeza mguu, nikiusikiliza, na mguu ukaniambia twende.

Tukaingia sokoni nikiwa wa saba. Mbele yangu kulikuwa na jamaa mrefu simjui, shati lake limelowa lote. Na hapo, juu ya kelele zote, nikaisikia sauti moja ambayo mtu hawezi kuikosea. Mama Chebet alikuwa amepanda juu ya kreti ya soda, kitambaa kimeanguka mabegani.

"Vuta, Wafula! Vuta! Sasa lima hiyo ekari!"

Nikacheka. Unajua mtu akicheka bega linalegea? Bega likalegea, miguu ikanyooka, nikampita yule jamaa mbele kabisa ya kile kiti. Mjomba alinidaka kifuani. Bwana wa kampuni akainua macho. "Jina?" Nilikuwa bado natafuta pumzi. Mjomba ndiye aliyejibu, na alilitaja jina langu, la baba yangu na la babu yangu, kama anamtambulisha gavana.

Wa sita. Si wa kwanza, mwanangu. Naibei alikuwa wa tatu. Wa sita, na jina langu likawa la mwisho kwenye daftari. Hilo ghala ndilo lililonifundisha mahindi: kuyapima unyevu, kuyahifadhi, kuyauza. Leo nina mashine za kusaga Kitale na Bungoma mjini, na lori mbili zenye jina langu ubavuni, na sijapewa na mtu. Najivuna, ndiyo. Nimeyatolea jasho.

Basi nasaha yangu ni hii, na uishike wewe uliyekaa kando ya mazoezi kwa sababu ya ugonjwa, au mtoto mchanga, au kazi, au uvivu tu, sikuulizi. Usirudi na kipimo cha siku ulipoacha. Siku hiyo ilikwisha. Anza na kile ambacho leo mwili wako unakiweza bila kulalamika, na hata hicho ukikate kidogo. Maliza ukiwa bado na hamu. Kesho yake jikague kabla hujatoka, na panapouma pasikilize, kwa sababu huwezi kuubembeleza mguu uliokatika ukaungana kwa maneno. Ongeza, lakini ongeza kwa wiki, si kwa siku. Kula, lala. Ukitoka hospitali, mwulize daktari kwanza, mimi pia nilimwuliza wangu, na alinikalisha miezi mitatu kabla hajasema ndiyo. Na wakikucheka wenye kasi, wacheke. Kicheko chao hakitakubeba siku utakayoanguka, na wakikubeba, kama walivyonibeba mimi, wewe ndiye utakayekaa na maumivu. Ogopa zaidi siku ile utakapojisikia vizuri kabisa. Hiyo ndiyo siku ya kugeuka kwenye daraja.

Lakini usikose kurudi! Usinielewe vibaya. Sikuambii ukae. Nakuambia uamke kesho, utoke, ufanye kidogo, na keshokutwa utoke tena. Kuna raha pale ambayo pesa zangu zote hazijawahi kuninunulia.

Mungu aliyekuumba na miguu miwili akuzidishie pumzi kifuani. Akupe uvumilivu wiki za mwanzo na furaha wiki zinazofuata. Mwili uliouacha ukupokee bila kinyongo. Uzeeke ukiwa bado unatoka langoni mwako alfajiri kwa miguu yako mwenyewe, na watoto wako wakuulize unaenda wapi na haraka hiyo. Nenda, mwanangu. Nenda polepole, na ufike.